Mpango Mawingu wa Kenya Airways na Dira ya 2025 ya Ethiopian: tujadili jinsi mpango wa ukuaji unavyoandikwa

Daftari la Mizania (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mijadala ya humu kuhusu mipango mikakati huishia mara nyingi kwenye lawama mbili: ama viongozi wetu hawapangi, ama wanapanga vizuri lakini mpango unabaki kabatini. Leo naleta mfano usioingia kwenye lawama yoyote kati ya hizo. Kenya Airways ilipanga kwa kina, ikawaeleza wanahisa wake mpango huo hadharani, na sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yaani kuzileta ndege, ikaitekeleza. Utekelezaji huo ndio ulioifikisha kwenye hasara kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa na kampuni ya Kenya hadi wakati ule. Hoja yangu ni kwamba mpango wa ukuaji usiosema mapema ni jambo gani likitokea utapunguzwa au utasimamishwa ni nusu ya mpango, hata kama waliouandika ni wataalamu wenye sifa zote.

Tuanzie nyuma kidogo. Shirika hilo lilibinafsishwa mwaka 1996, KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikachukua asilimia 26 na hisa nyingine zikauzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa zaidi ya muongo mmoja lilikuwa mfano uliotajwa kila palipozungumziwa mashirika ya umma yaliyobinafsishwa yakasimama. Sisi huku Tanzania tulilitazama kwa wivu, kwa sababu ubia wetu na Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002, ulivunjika mwaka 2006 na kutuacha na shirika lisilo na ndege za maana. Biashara ya Kenya Airways ilieleweka kwa urahisi: kukusanya abiria kutoka miji ya Afrika, kuwapitisha Nairobi, na kuwapeleka Ulaya kwa kushirikiana na KLM au Asia kwa ndege zake yenyewe. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waliokuwa wakienda Guangzhou kufungasha mzigo wanaijua njia hiyo.

Mwaka 2011, chini ya mkurugenzi mkuu Titus Naikuni, likaja wazo la Mawingu, mpango wa miaka kumi hadi 2021. Ndege zilizokuwa thelathini na kitu zingefika zaidi ya 100, na vituo vingefika 115 katika mabara yote yenye wakazi. Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini mantiki yake haikuwa ya kipuuzi. Chumi za Afrika zilikuwa zinakua, Emirates na Qatar Airways zilikuwa zinaongeza safari katika miji yetu kila mwaka, na Machi 2012 Turkish Airlines ilithubutu kutua Mogadishu wakati mashirika mengine makubwa hayakutaka hata kulisikia jina la mji huo. Aliyekaa kwenye kiti cha uongozi Nairobi aliona kwamba asipokua atamezwa, na mimi naamini aliona sawasawa.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako naomba tukae kwa muda. Mwaka 2012 shirika liliwaomba wanahisa wake wanunue hisa mpya kwa shilingi 14 kila moja ili kupata shilingi za Kenya bilioni 20.7. Zilipatikana bilioni 14.5, sawa na asilimia 70. Watu waliolifahamu shirika kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, yaani wamiliki wake wenyewe, waliletewa mpango mezani na wakatoa sehemu tu ya fedha zilizoombwa. Hilo lilikuwa jibu. Mpango uliokamilika ungekuwa na ukurasa unaosema kwamba tukipata chini ya kiasi fulani, tunaahirisha ndege kadhaa na tunafuta vituo kadhaa. Kilichotokea ni kwamba shirika liliendelea kuelekea ukubwa uleule, na pengo likazibwa kwa mikopo, tena mikopo ya dola.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Precision Air, shirika la ndege la hapa Tanzania ambalo Kenya Airways ilikuwa na karibu nusu ya hisa zake, iliuza hisa kwa umma hapa Dar es Salaam na kupata chini ya nusu ya fedha ilizozitafuta, wakati ndege mpya za ATR zilikuwa zimeshaagizwa. Kwa maneno mengine, onyo lilikwishapatikana ndani ya ukoo.

Onyo la pili lilikuja na hesabu za mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013, zilizoonyesha hasara ya karibu shilingi bilioni 7.9. Hata hivyo ndege ziliendelea kuja, kwa sababu mkataba wa kununua ndege hauvunjwi kwa barua ya ukurasa mmoja. Boeing 787 ziliagizwa tangu mwaka 2006 na zikachelewa kiwandani kwa miaka kadhaa. Zilipoanza kuwasili Aprili 2014 zilizikuta Boeing 777-300ER zilizoanza kupokelewa mwishoni mwa 2013. Marejesho ya makundi yote mawili yakaanza kudaiwa karibu kwa wakati mmoja.

Kipindi hichohicho mambo ya nje yakaharibika. Agosti 2013 uwanja wa Jomo Kenyatta uliungua, Septemba likatokea shambulio la Westgate na watalii wakapungua, na mwaka 2014 Ebola ikalazimisha kusitishwa kwa safari za Monrovia na Freetown. Bei ya mafuta duniani ilipoporomoka mwishoni mwa 2014, mashirika mengi yalipumua, lakini Kenya Airways ilikuwa imefunga bei mapema kwa mikataba na hivyo ikaendelea kubeba gharama ya bei ya zamani. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na ya mwaka uliofuata bilioni 26.2.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha zaidi. Boeing 777-300ER, zilizonunuliwa ili kukabiliana na mashirika makubwa ya Ghuba na Uturuki, zilikodishwa kwa Turkish Airlines. Boeing 787 mbili zikakodishwa kwa Oman Air. Nafasi ya kutua asubuhi kwenye uwanja wa Heathrow, London, nayo ikaenda kwa Oman Air, kwa bei ambayo magazeti yaliitaja kuwa dola milioni 75. Novemba 2017 madeni ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa: Serikali ya Kenya ikabaki na asilimia 48.9, mabenki yakapata 38.1, na KLM ikashuka hadi 7.8. Benki iliyokopesha ikitarajia riba ikajikuta mmiliki wa shirika la ndege bila kutaka.

Addis Ababa nao walikuwa na mpango wao. Ethiopian Airlines ilitangaza Dira ya 2025 mwaka 2010, mwaka mmoja tu kabla ya Mawingu, na haikuwa na tamaa ndogo. Ilikuwa ya miaka kumi na mitano. Ilijengwa juu ya nguzo nne: ndege, miundombinu, rasilimali watu na mifumo. Nguzo tatu kati ya hizo nne hazirukii angani. Chuo cha urubani na uhandisi, karakana ya matengenezo, mizigo, upishi wa vyakula vya ndege na huduma za uwanjani viliundwa kuwa vitengo vyenye hesabu zake, vinavyohudumia ndege za shirika na pia kuuza huduma kwa wengine. Ndege mpya ilipofika ilimkuta rubani aliyekwishafundishwa, fundi wa kuifungua injini, na ghala la kupakilia maua.

Hata upanuzi wa safari walioufanya haukuwa wa kuagiza ndege peke yake. Mwaka 2010 shirika la ASKY lilianza kuruka kutoka Lomé, Togo, Ethiopian ikiwa mbia na msimamizi wa kitaalamu, na baadaye ikachukua asilimia 49 ya Malawi Airlines. Kituo cha Afrika Magharibi kilipatikana kwa sehemu tu ya mtaji ambao ungehitajika kukijenga peke yao, na kama kingeshindwa, wangepoteza hisa zao na shirika mama likabaki limesimama. Mwaka 2020 abiria walipotoweka kwa sababu ya UVIKO-19, viti viliondolewa kwenye ndege zaidi ya 20 za abiria, zikapakiwa mizigo, na shirika likavuka mwaka huo bila kuiomba serikali fedha za kuliokoa.

Kwa hiyo siamini kwamba tofauti ya mashirika haya mawili ilikuwa ukubwa wa ndoto. Ninaiona kwenye mpangilio: ni uamuzi gani ulitangulia, upi ulisubiri, na upi ungeweza kurudishwa nyuma bila kuua kampuni. Kufungua kituo kipya ni uamuzi unaorudishika. Ukipata hasara kwa miezi minane unakifunga, na Kenya Airways imewahi kufanya hivyo mara kadhaa. Kusaini mkopo wa miaka kumi na miwili kwa ajili ya ndege hakurudishiki, na kwa sababu hiyo kulipaswa kuwekewa masharti makali kuliko kitu kingine chochote ndani ya waraka ule.

Karibuni tujadili. Ninaomba tubaki kwenye mipango na uongozi, siasa tuziache kwa leo.

Msafiri wa Namanga

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Hata hivyo naona umeonea upande mmoja. Ethiopian inamilikiwa na serikali kwa asilimia mia moja, serikali hiyohiyo inalinda soko lake la ndani, mishahara yake ni midogo, na faida inabaki ndani ya shirika badala ya kugawiwa kwa wanahisa. Kenya Airways ilikuwa na wanahisa wa soko la hisa wanaotaka gawio, chama cha marubani chenye nguvu, na serikali iliyokuwa inafungua anga kwa mashirika ya Ghuba. Ukimpa Naikuni mazingira ya Addis Ababa, labda Mawingu ingefika. Isitoshe, moto, ugaidi na Ebola ndani ya miezi kumi na miwili ni bahati mbaya ambayo hakuna mpango ungeweza kuihimili. Tusisahau pia kwamba mwaka 2015 Seneti ya Kenya iliunda kamati kuchunguza mambo ya shirika hilo, kwa hiyo kulikuwa na maswali ya usimamizi yaliyozidi mkakati.

Daftari la Mizania

Ndugu Msafiri, sehemu ya kwanza nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Mazingira hayakuwa sawa, na mtu akisema kwamba Ethiopian ilipewa uvumilivu wa mmiliki mmoja asiyedai gawio, anasema kweli. Lakini umiliki wa serikali peke yake hauelezi mafanikio, vinginevyo bara hili lingekuwa na mashirika ya ndege ishirini yanayopata faida. Kitu ambacho umiliki huo uliwapa ni muda, nao wakautumia kwa kuachiana kazi ndani kwa ndani. Tewolde GebreMariam, aliyeliongoza shirika kuanzia 2011 hadi 2022, na Mesfin Tasew aliyemfuata, wote walikuwa wafanyakazi wa shirika hilohilo tangu miaka ya 1980. Mpango wa miaka kumi na mitano haukuhitaji kuelezwa upya kila mkurugenzi alipobadilika. Nairobi, waliokuja baada ya 2014 walitumia muda mwingi wa uongozi wao kufungua mafundo yaliyofungwa na waliotangulia.

Kuhusu bahati mbaya nakupinga. Biashara ya usafiri katika ukanda wetu ilikwishapitia shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Hata suala la mafuta halikuwa geni: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 Kenya Airways ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 4 kwa sababu bei iliyofungiwa mapema iligeuka kuwa kubwa kuliko bei ya soko baada ya mafuta kushuka. Miaka sita baadaye jambo hilohilo likajirudia kwa kampuni iliyokuwa na deni zito zaidi. Mtunga mpango wa miaka kumi hahitaji kutabiri Ebola. Anahitaji kujiuliza shirika litalipaje marejesho iwapo abiria watapungua kwa robo kwa mwaka mzima, kwa sababu yoyote ile, halafu aandike jibu.

Suala la Seneti nimeliacha kwa makusudi. Hata kama kila mtu mle ndani angekuwa mwaminifu kama malaika, hesabu ya marejesho ya dola dhidi ya tiketi za shilingi ingebaki palepale.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi kwenye idara ya mipango ya taasisi moja ya umma kwa miaka mingi, na ninaomba nichangie upande ambao haujaguswa. Mpango mkakati wetu wa mwisho uliandaliwa na mshauri mwelekezi. Tulikwenda warshani Bagamoyo, tukagawanywa kwenye vikundi, tukaandika dira, dhamira, maadili ya msingi, malengo, shabaha na viashiria. Kila kiashiria kilikuwa kinapanda: wateja wataongezeka, mapato yataongezeka, matawi yataongezeka. Nilinyosha mkono nikauliza iwapo tunaweza kuweka jedwali la mambo tutakayoacha kuyafanya endapo mapato hayatafika. Mwezeshaji alinijibu kwa upole kwamba jedwali la namna hiyo lingeipa bodi picha ya kukata tamaa, na tukaendelea na kipengele kilichofuata.

Nasema hivi kwa sababu Daftari anazungumza kana kwamba ukurasa ule ulisahaulika. Mahali pengi haukusahaulika, ulikataliwa. Anayeuandika anaonekana hana imani na mkubwa wake, na mkubwa mwenyewe ameshawaahidi watu wa juu kwamba tutafika. Ukiwa ndani ya ukumbi ule unaona kabisa kwamba mpango unatungwa ili upitishwe.

Daftari la Mizania

Mzee wangu, umeniongezea kitu ambacho sikuwa nimekiweka vizuri. Nakubali kwamba kikwazo kiko kwenye heshima ya aliyeuzaa mpango kuliko kwenye ujuzi. Ndiyo maana nadhani ukurasa wa kusimama unapaswa kudaiwa na bodi na si kuachiwa menejimenti, na unapaswa kudaiwa siku ya kupitisha mpango, wakati bado hakuna aliyeshindwa. Mwenyekiti akisema kwamba hatupitishi ununuzi wowote mpaka tuone kiwango cha chini cha mtaji, hamdhalilishi mtu. Akiyasema hayo baada ya hasara ya kwanza, itaonekana anamfukuza mkurugenzi.

Mama Kibaha

Samahani kaka zangu, mimi sina shirika la ndege. Nina malori matatu ya mizigo, njia ya Dar kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Benki imekubali kunikopesha nikanunue mengine manne yaliyotumika, vichwa na matela yake, kwa dhamana ya nyumba na ya malori yenyewe. Marejesho yatakuwa karibu milioni 18 na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu. Safari ikienda vizuri lori moja huniachia kama milioni 5 baada ya dizeli, posho ya dereva na utingo, na malipo ya njiani, na kwa wastani linafanya safari moja kwa mwezi. Wateja wapo, nawakatalia kila wiki. Kaka Daftari, kwa haya unayoyasema, nikope au nisikope?

Daftari la Mizania

Dada yangu, swali lako ni bora kuliko uzi wangu. Sitakuambia ukope au usikope, ila tufanye hesabu pamoja kwa tarakimu zako mwenyewe.

Malori manne kwa milioni 5 yanaleta milioni 20 kwa mwezi. Ukitoa marejesho ya milioni 18.5, unabaki na milioni 1.5, na hapo hatujanunua tairi hata moja wala kubadilisha klachi. Hiyo ni hesabu ya mwezi mzuri. Sasa chukua mwezi unaoufahamu kuliko mimi: foleni ya Kasumbalesa inafika kilomita nyingi, au mzigo wa shaba wa kurudi nao haujapatikana na lori linakaa Lubumbashi kulisubiri. Tuseme kila lori linafanya safari mbili kwa miezi mitatu badala ya tatu. Malori mapya yanaleta takriban milioni 13.3 kwa mwezi, na pengo la marejesho linakuwa milioni 5.2. Malori yako ya zamani nayo yako kwenye foleni ileile, kwa hiyo yanaleta milioni 10 badala ya 15. Nusu ya kinachoilisha familia na kusomesha watoto inakwenda benki, kila mwezi, mpaka foleni iishe.

Ukichukua malori mawili, pengo katika miezi hiyohiyo mibaya ni kama milioni 2.6, ambalo malori yako matatu yanaweza kulibeba bila kugusa ada za shule. Faida ya mwezi mzuri nayo inapungua, hilo silifichi, na utaendelea kuwakatalia baadhi ya wateja.

Nina maswali mengine ambayo benki haitakuuliza. Una madereva wanne wa ziada unaowaamini kupita Zambia na mali ya watu, au utawaokota getini? Matengenezo unafanyia wapi, na fundi wako ataweza malori saba? Wateja unaowakatalia wanalipa mzigo ukishushwa, au baada ya siku 60? Kama ni baada ya siku 60, jua kwamba utaendesha malori mapya kwa miezi miwili kwa fedha zako kabla ya kuona malipo ya kwanza, na marejesho yatakuwa yameanza.

Ukishaamua, kabla ya kusaini, andika kwenye daftari lako sharti moja na umwonyeshe mtu mwingine, mume wako au mhasibu wako. Kwa mfano, miezi miwili mfululizo malori mapya yakishindwa kulipa marejesho yake, unauza moja. Lori ukiliuza likiwa bado linatembea, unalipa deni. Ukingoja mpaka benki ije na dalali, bei inakuwa ya dalali.

Mama Kibaha

Wateja wakubwa wanalipa baada ya siku 45, wengine wanafika 90. Hilo la siku sikuwa nimeliingiza kwenye hesabu niliyompelekea ofisa mikopo, na wala yeye hakuliuliza. Nitarudi kwake.

Kijana wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ndugu Daftari ameishia mwaka 2017, lakini hadithi ya Kenya Airways iliendelea. Chini ya mkurugenzi mkuu Allan Kilavuka shirika lilipunguza ukubwa, likarekebisha madeni yake, na kwa mwaka 2024 likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 baada ya kodi, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara inayozidi bilioni 12, kwa sababu Boeing 787 kadhaa zilikuwa zimeegeshwa kwa uhaba wa injini na vipuri duniani. Kwa hiyo hata baada ya kujipunguza, ndege chache zikikosekana kikosi kizima kinayumba. Naomba mtueleze, je, huko kwenu Tanzania, kwenye shirika lenu la ndege ATCL, mmejifunza kitu kutokana na jirani yenu, au nanyi mnanunua tu?

Daftari la Mizania

Swali la haki kabisa. ATCL ilianza kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, ikapata Boeing 787 ya kwanza Julai 2018 na Airbus A220 ya kwanza Desemba mwaka huohuo, kisha ikaongezewa ndege ya mizigo ya Boeing 767 na Boeing 737 MAX 9 mwaka 2023. Kuna tofauti moja kubwa na Mawingu: ndege zinamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali na ATCL inazikodi, kwa hiyo shirika halikusaini mikopo mikubwa ya dola kwa jina lake. Kwa upande mmoja hiyo ni kinga. Kwa upande mwingine inafanya iwe vigumu kwa mwananchi kuona gharama kamili ya kila kiti, kwa sababu sehemu yake iko kwenye vitabu vya taasisi nyingine.

Hata kwa mpangilio huo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Tatizo la injini za A220, ambalo limewakumba watumiaji wengi wa ndege hizo duniani, limechangia; ndege inayokaa chini inalipiwa gharama ya kukodi na haileti tiketi. Kwa kipimo cha uzi huu, mimi sioni tatizo kwenye kununua 787 au kwenye kulitamani soko la Asia. Ninachokitafuta na sijakiona kwenye taarifa za wazi ni sharti: hasara ikifika wapi ndipo safari fulani ya mbali inafutwa, na ndege ngapi zikikaa chini ndipo ratiba inapunguzwa kabla abiria hajafika uwanjani akaambiwa arudi kesho.

Msafiri wa Namanga

Hapo kwenye sharti nimekuelewa, ingawa bado nasema Ethiopian ilibebwa na mmiliki wake. Lakini nani ataliweka sharti hilo kwa ATCL? Bodi inateuliwa na mmiliki, ndege ni za mmiliki, na safari nyingine zinaanzishwa kwa sababu mmiliki anataka bendera ionekane mahali fulani.

Daftari la Mizania

Mmiliki anaweza kuliweka kwa kulipa. Serikali ikitaka safari isiyo na faida kwa sababu za kidiplomasia au za utalii, iweke kiasi chake kwenye bajeti kwa jina la safari hiyo, Bunge likione, na ATCL ilipwe kama mtoa huduma yeyote. Nchi kadhaa za Ulaya hufanya hivyo kwa safari za visiwani na maeneo ya pembezoni. Safari isiyolipiwa na serikali na isiyojilipa yenyewe inabaki mikononi mwa menejimenti, nayo inaweza kuifuta mwisho wa robo mwaka.